Tulimtuhumu Mzee, Kumbe Ni Stata

Ijumaa moja ya mwezi wa Februari, mara baada ya Swala ya Ijumaa, tulimswalia marehemu mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga. Alikuwa fundi seremala, ndiye aliyetengeneza mlango wa msikiti wetu na kabati la misahafu, na siku ile safu zilijaa mpaka barazani. Tulipomaliza tukalibeba jeneza, tukaliingiza katika gari la msikiti lililokuwa limesimama uani, mkabala na mlango. Dereva akasema Bismillahi, akazungusha ufunguo. Tukasikia mlio mmoja tu: ta! Kisha kimya.

Akarudisha ufunguo, akazungusha tena. Ta! Taa zilikuwa zinawaka vizuri na honi ilikuwa inalia, lakini injini haikuzunguka hata kidogo. Jua lilikuwa la saa saba na nusu. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa ameketi nyuma, pembeni mwa jeneza, mkono wake mmoja ameuweka juu ya ubao. Hakuuliza kitu. Watu wakaanza kunong'ona. Mwishowe vijana wapatao kumi na wawili wakalisukuma gari kutoka uani mpaka barabarani, jeneza likiwa ndani, na yule kijana akilishika kwa mikono miwili lisiyumbe. Dereva akaingiza gia ya pili, akaachia klachi, injini ikakohoa, ikawaka. Tulifika makaburini na tukamzika ndugu yetu, Alhamdulillah. Lakini njia nzima ya kurudi mimi sikuwa nikimfikiria marehemu. Nilikuwa nikiifikiria aibu ile, na nilikuwa nikitafuta mtu wa kumtwika.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti huo. Naandika kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwafaa wenye magari ya kifamilia, kwani maradhi yaliyolipata gari letu huyapata magari mengi, na watu hupoteza fedha kwa kutibu kisichoumwa. Ya pili ni kueleza dhuluma niliyoifanya kwa kalamu yangu, na namna nilivyojifunza kuwa kuirekebisha ni kazi nzito kuliko kulitengeneza gari.

Gari lenyewe ni basi dogo la dizeli, la gia za mkono, ambalo kabla ya kununuliwa kwa michango ya waumini lilikuwa daladala. Injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Ndilo linalobeba majeneza, ndilo linalowapeleka watoto wa madrasa katika mashindano ya Qur'ani, na usiku wa manane ndilo hugongewa mlango mtu anapozidiwa. Dereva wake ni mzee wa miaka sitini na kitu, mstaafu, ambaye kwa miaka tisa ameliendesha kwa posho ndogo isiyostahili kuitwa mshahara.

Miezi miwili kabla ya siku ile, mwezi wa Desemba, kamati ilikuwa imenunua betri mpya, kwa kuwa tuliambiwa kuwa gari haliwaki vizuri. Fedha zilitoka katika sadaka ya Ijumaa. Kwa hiyo tulipokutana Jumapili, baada ya Swala ya Alasiri, swali la kwanza lilikuwa la mhazini: betri mpya ya miezi miwili inawezaje kufa? Kila mjumbe akatoa rai yake. Ndipo mmoja wetu akasema kuwa amesikia, kutoka kwa mtu ambaye hakumtaja, kwamba dereva wetu alionekana mwezi wa Desemba akiwa na betri nyuma ya baiskeli, akielekea mjini. Hakusema zaidi. Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Sote tulilimalizia jambo lile ndani ya nafsi zetu: Mzee ameuza betri mpya ya msikiti na kuweka kuukuu.

Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Katika muhtasari niliandika kwamba kamati imepata taarifa ya kubadilishwa kwa betri ya gari, na kwamba dereva atakabidhi funguo mpaka uchunguzi utakapokamilika. Mtazame msomaji jinsi maneno yalivyobadilika yalipopita kwenye kalamu. Mjumbe alisema "nimesikia". Mimi niliandika "taarifa". Mtu mmoja asiyejulikana alimwona mzee na betri. Katika daftari la msikiti betri ikawa tayari imebadilishwa.

Nimesoma chuo cha Kiislamu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa elimu ya Hadithi. Tulifundishwa namna maimamu wa fani hiyo, akiwemo Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 256 Hijria, walivyomchunguza kila mpokezi: ni nani, alikutana na nani, uadilifu wake ukoje, na kumbukumbu yake ikoje. Riwaya ambayo ndani yake mna mpokezi asiyejulikana ilihesabiwa kuwa dhaifu. Niliufanyia mtihani mlango huo na nikafaulu vizuri. Kisha nikaja kukaa katika kiti cha ukatibu, nikapokea habari isiyo na mpokezi wala shahidi, nikaipiga muhuri.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mzee kuchukua funguo. Nilimwamkia, akaitika. Nikamweleza kuwa kamati imeamua gari lipumzishwe kwanza. Hakuwa mtoto wa kutoelewa. Alizitoa funguo mfukoni, akazifuta kwa ncha ya kanzu yake, akanipa kwa mkono wa kulia. Akasema, "Haya, Katibu. Zimefika." Sikuthubutu kumtazama usoni, na hilo peke yake lingetosha kunijulisha kuwa nafanya jambo nisilolijua.

Kwa kuwa nina leseni, nilianza kuliendesha gari mwenyewe. Asubuhi ya kwanza liliwaka kwa mguso mmoja, na ya pili vivyo hivyo. Nikajiambia kuwa huenda Mzee alikuwa halijui. Siku ya tatu nilipeleka mgonjwa hospitali, nikazima gari, nikamsindikiza ndani kwa muda wa dakika kumi na tano hivi. Niliporudi: ta! Nilikaa pale nikitokwa na jasho kwa muda uliokaribia saa nzima, kisha nikajaribu tena bila kutarajia lolote. Likawaka kana kwamba halikuwahi kuugua.

Hapo nikafanya kitu pekee ambacho ukatibu umenifundisha vizuri. Nilichukua daftari la shule nikalichora safu: tarehe, saa, muda ambao gari limetembea, muda ambao limesimama, na kama limewaka au limekataa. Kwa siku kumi na nne niliwasha gari mara thelathini na moja. Lilikataa mara tisa. Asubuhi halikukataa hata mara moja. Mara zote tisa lilikuwa limetembea nusu saa au zaidi, kisha likazimwa kwa muda mfupi, baina ya dakika kumi na nusu saa. Lilipoachwa mpaka likapoa, liliwaka. Betri iliyokufa haichagui namna hiyo. Betri mbovu mara nyingi husumbua asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha.

Nikaenda kwa fundi umeme wa magari, kijana ambaye karakana yake ni bati nne na mwembe. Kabla hajagusa chochote aliniuliza, "Linalia mara moja au mara nyingi?" Nikamwambia mara moja, kwa nguvu. Akaniuliza kama taa hufifia ninapozungusha ufunguo. Nikamwambia hazififii, au kidogo sana. Akatikisa kichwa, akasema, "Lilete likiwa moto. Gari baridi halisemi ugonjwa wake." Nikaliendesha mpaka Pongwe na kurudi, nikalizima mbele ya mwembe wake, tukanywa kahawa, tukangoja dakika ishirini.

Wakati tukingoja alinieleza kwa njia ambayo ningependa kila mwenye gari aisikie. Kuwasha gari, alisema, ni kazi ya umeme wa aina mbili. Kuna umeme mdogo unaotoka kwenye ufunguo, na kuna umeme mkubwa sana, wa amperi mia kadhaa, unaotoka moja kwa moja kwenye betri na kuzungusha stata. Umeme huo mkubwa hauwezi kupita kwenye ufunguo, ungeuyeyusha. Kwa hiyo juu ya stata pana kifaa kiitwacho solenoidi, ambacho ni kama bawabu. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo huingia kwenye koili ya solenoidi, ikawa sumaku, ikavuta kipande cha chuma kilichomo ndani. Chuma hicho hufanya mambo mawili kwa pamoja: husukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya gurudumu kubwa la injini, na husukuma sahani ya shaba iunganishe vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite. Ule mlio wa ta ni sauti ya chuma kile kikigonga mwisho wa safari yake.

"Kwa hiyo ukisikia ta moja," akasema, "ujue bawabu ameamka na ameshika mlango. Swali ni kwa nini wageni hawapiti." Mlio ukiwa mwingi na wa haraka, ta-ta-ta-ta, na taa zikafifia, hapo mtu ashuku betri iliyoishiwa au vichwa vya betri vilivyolegea na kuota ukungu. Mlio ukiwa mmoja na taa zikabaki angavu, betri ina nguvu yake, na umeme umezuiwa mbele ya safari.

Nilimuuliza kwa nini basi linakataa likiwa moto tu. Akanijibu kuwa shaba inapopata joto huzidi kuupinga umeme, kiasi cha asilimia nne hivi kwa kila nyuzi kumi za joto. Stata iliyochemka kwa nyuzi sitini zaidi ya ilivyokuwa asubuhi, koili yake hupinga umeme kwa karibu robo zaidi, na sumaku yake hupungua nguvu. Vipande vya shaba vikiwa vipya, upungufu huo hauonekani. Vikiwa vimelika kwa miaka ya kuwasha na kuzima, sahani huvigusa kwa shida, na upungufu mdogo tu unatosha kuuzuia umeme. Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Gari linapozimwa, stata haianzi kupoa papo hapo. Feni imesimama, maji ya rejeta yamesimama, upepo wa mwendo haupo, na joto la injini na eksozi linahamia kwenye vyuma vilivyo jirani. Kwa dakika kadhaa stata huzidi kupata moto kabla ya kupoa. Ndiyo maana gari lililofika vizuri hukataa robo saa baadaye.

Kisha akachukua mita. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, ambayo ni afya kamili. Nikazungusha ufunguo, ikalia ta, na mita ikashuka mpaka 12.3 tu. Akanionyesha: stata inapozunguka kweli, volti hushuka mpaka kwenye kumi au kumi na moja, kwa kuwa mzigo ni mkubwa. Hapa haijashuka, basi umeme mkubwa haujapita. Akapima mwisho wa waya mnene unaoingia kwenye stata: umeme upo, waya ni mzima. Akapima waya wa athi, baina ya betri na mwili wa stata: mzima. Akapima upande wa pili wa solenoidi, pale umeme unapoingia kwenye mota: karibu sifuri. "Umeingia, haukutoka," akasema. Kama pale pangekuwa na volti zote na mota haizunguki, angeshuku brashi za ndani. Lakini palikuwa patupu.

Akaiacha ikapoa, akatoa waya wa betri, akaifungua stata. Vipande viwili vya shaba alivyonionyesha vilikuwa vimelika upande mmoja kama sabuni iliyobaki kipande, vimeungua na kuwa vyeusi. Akaweka vipya pamoja na sahani yake, akasafisha, akarudishia. Spea na ufundi vyote pamoja vilikuwa shilingi 45,000. Betri ya Desemba ilikuwa imetugharimu 260,000.

Nilipokuwa nikilipa, fundi aliitazama betri, akasema kama mtu anayezungumza tu, "Na betri hii ni nzuri, bado mpya kabisa. Kwani nani aliwaambia mnunue?"

Bado mpya kabisa. Nilirudi ofisini, nikafungua jalada la manunuzi. Risiti ya Desemba ilikuwa pale, imebanwa pamoja na kadi ya dhamana, na juu ya kadi ile pameandikwa namba ya betri. Nikatoka nayo mpaka kwenye gari, nikainua kiti, nikailinganisha na namba iliyogongwa juu ya betri. Ilikuwa ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Kisha nikaisoma risiti yenyewe. Chini ya bei palikuwa na mstari: imepunguzwa shilingi 20,000 kwa kurudishwa betri kuukuu. Hiyo ndiyo betri aliyoonekana nayo Mzee juu ya baiskeli. Alikuwa akiipeleka dukani ili msikiti upunguziwe bei. Na sahihi iliyokuwa chini ya risiti ile, kuthibitisha kuwa imepokelewa ofisini, ilikuwa yangu.

Nawaeleza ndugu zangu kwamba nilikaa chini. Ushahidi wa kumsafisha Mzee haukuwa mbali, haukuhitaji safari wala shahidi wa kuapishwa. Ulikuwa katika jalada langu, umbali wa mkono, siku ile ile niliyokuwa nikiandika muhtasari. Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha kuihakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta, na katika aya ya 12 inatuonya juu ya dhana. Nimezifundisha aya hizo madrasa kwa miaka mingi, na watoto wanazihifadhi. Mimi nilizihifadhi pia.

Usiku ule, baada ya Swala ya Isha, nilikwenda nyumbani kwa Mzee. Nilimkuta barazani. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Katibu. Karibu ukae." Nikamweleza yote, tangu neno lililosemwa kwenye kikao, tangu niliyoyaandika, mpaka namba ya betri na mstari wa risiti. Sikumtaja mjumbe, kwa kuwa kosa nililokwenda kuliomba radhi lilikuwa langu. Alisikiliza mpaka mwisho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe vipande vya shaba? Mimi nilidhani ni waya."

Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwa utulivu, "Lakini nilikwambia, mwanangu. Mwezi wa Novemba, pale kwenye ngazi za msikiti. Nilikwambia, gari likipata moto lina tabia ya kukataa. Ukasema utalifikisha."

Nilikumbuka. Kweli aliniambia, nami kweli nililifikisha, kwa namna yangu. Kwenye kikao nilisema gari haliwaki vizuri. Yale maneno mawili, "likipata moto", sikuyafikisha, maana niliyaona ni maneno ya dereva tu. Ni hayo hayo ambayo fundi aliyahitaji ili aujue ugonjwa. Kwa kuyaacha, tulinunua betri isiyohitajika kwa sadaka za watu, kisha tukamtuhumu mwenye kutuambia ukweli.

Akanieleza na jambo jingine. Tangu Novemba, kila akienda msibani au makaburini, alikuwa akilisimamisha gari penye mteremko, hata kama ni mbali na kivuli, ili likikataa aliachie liteleze liwake bila kuwasumbua wafiwa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi na nikalihesabu kuwa ni uvivu wa kuegesha vizuri. Na Ijumaa ile ya Februari, asubuhi, ni mimi niliyempigia simu nikamwagiza aliingize gari uani, mahali palipo tambarare, ili jeneza lisibebwe mbali. Hakubishana na agizo la ofisi.

Mke wake alikuwa ametuletea chai, akasimama mlangoni akisikiliza. Nilipomgeukia nimwombe radhi na yeye, alisema, "Sisi tumesamehe, mwanangu. Lakini sokoni nimeulizwa mara mbili kama mume wangu anauza vitu vya msikiti. Hao, utawapata wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu kamili. Gari lina vipande viwili vya shaba. Vikilika, hutolewa vikawekwa vingine. Neno likishatoka kwenye kikao cha watu tisa halina fundi wa namna hiyo. Nilimuuliza Mzee anataka nifanye nini. Aliwaza, akasema, "Liseme pale liliposemwa. Na kama limefika kwingine, liseme na huko."

Katika kikao kilichofuata niliweka risiti, kadi ya dhamana na daftari langu mezani, kisha nikasoma marekebisho ya muhtasari. Sikuifuta ile sentensi ya kwanza. Niliiacha isomeke, na chini yake nikaandika kwamba habari ile haikuhakikishwa, kwamba ni uongo, na kwamba katibu aliiandika ilhali ushahidi wa kuikanusha uko mikononi mwake. Mjumbe aliyeileta habari naye alikwenda kwa Mzee kwa wakati wake. Ijumaa iliyofuata, kwa idhini ya Mzee na ya Sheikh wetu, nilisimama baada ya swala nikawaeleza waumini kuwa betri ya msikiti ipo, haikuguswa, na kwamba mtu yeyote aliyesikia vinginevyo amesikia kosa lililotoka ofisini kwangu. Nilimwona mtoto wa marehemu seremala katika safu ya pili. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea salamu.

Kwa wenye magari, naacha wasia huu. Likikataa kwa mlio mmoja likiwa moto, usikimbilie kununua betri. Andika lini linakataa na lini linakubali, kwa kuwa mpangilio wake ni nusu ya tiba. Tazama kwanza vichwa vya betri na waya wa athi, uvisafishe na kuvikaza. Mara nyingine huishia hapo bila gharama. Usishikilie ufunguo kwa zaidi ya sekunde kumi, na usimwagie maji stata iliyochemka. Ukikwama, liache lipoe. Wako wanaoigonga stata taratibu kwa mpini wa mbao, na mara nyingi huitika, lakini hiyo ni hila ya kukufikisha kwa fundi, na ifanywe gari likiwa limeondolewa gia na breki ya mkono imevutwa, mtu asijeruhiwe. Wala asiwepo wa kuunganisha nyaya za stata kwa bisibisi. Cheche zake huunguza. Kisha mpelekee fundi mwenye mita gari likiwa moto, na umwambie kila ulichokiona, bila kupunguza neno.

Mzee amerudi kwenye usukani. Nilipompelekea funguo alizipokea kwa mkono wa kulia kama alivyonipa. Gari sasa linawaka kwa mguso mmoja, asubuhi na mchana, ingawa naona bado analisimamisha penye mteremko. Kamati nayo imeongeza ajenda moja ya kudumu, ya pili baada ya kufungua kikao kwa dua: taarifa ya dereva. Mara ya kwanza alipoitwa alikaa kwenye ncha ya mkeka, akasema matairi ya mbele yamekwisha upande wa ndani, na kwamba yanalia gari likikata kona kushoto. Nikaandika yote, pamoja na kona, pamoja na kushoto.